Anayesema "Chukua Fomu"

Ukitoka Ruwi ukaelekea upande wa milima unaingia Wadi Kabir, mtaa ulio katika wilaya ya Matrah, Muscat, au Maskati kama watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walivyozoea kuuita mji huo mkuu wa Oman. Ni mtaa wa gereji, maghala na maduka ya vipuri, na kwa miaka mingi umejulikana zaidi kwa soko lake la Ijumaa, ambako yaliuzwa magari yaliyokwisha kutumika. Si mtaa wa makasri. Lakini humo, kama katika sehemu nyingi za Ruwi na vitongoji vyake, si ajabu kusikia Kiswahili cha Unguja na Pemba kikizungumzwa barazani, mbele ya kahawa na halua, na watu ambao pasi zao za kusafiria ni za Oman.

Sababu yake inajulikana. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Kiarabu waliuawa, na wengine wengi wakakimbia. Kisha Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani walioko ng'ambo warudi kuijenga nchi. Wakaja walimu, wauguzi, makarani na mafundi waliosomea Zanzibar, Dar es Salaam, Cairo na Ulaya. Walikuja na lugha yao, na walikuja pia na siasa zao. Habari za Tanzania kwao hazijawahi kuwa habari za ugenini.

Ndiyo maana mwezi Mei 2005, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi walipokutana katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, kumteua atakayegombea kumrithi Rais Benjamin Mkapa, shauri hilo liliwagusa watu wa Wadi Kabir kwa namna ambayo haikuwagusa watu wa Mwanza au Mbeya. Miongoni mwa majina matatu yaliyofika mbele ya wajumbe lilikuwamo la Dakta Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba ambaye kwa upande wa baba asili yake ni Oman. Mtu ambaye damu yake ni kama yao, lakini ambaye hakuondoka, alikuwa hatua mbili tu kutoka Ikulu.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu ambaye kwa kawaida haonekani katika picha za siku kama hiyo. Ni rafiki. Ni yule anayekuja nyumbani usiku, anayekaa na mwanasiasa mpaka chai inapoa, na kumwambia: chukua fomu.

Katika siasa za Afrika ya Mashariki, karibu kila mgombea husema kwamba hakutaka mwenyewe. Ameombwa. Wazee wamemwomba, vijana wamemchangia fedha za fomu, marafiki wamemsihi kwa miezi kadhaa hata akakosa pa kukimbilia. Mara nyingi maneno hayo ni adabu tu, kwa kuwa katika utamaduni wa pwani na wa bara pia mtu anayejinadi mwenyewe huonekana hana haya. Lakini mara nyingine ni kweli, na hapo ndipo inapofaa kuuliza rafiki huyo ni wa namna gani.

Kiswahili kina maneno ya kutenganisha. Yuko msiri, anayejua mambo ya mwenzake ambayo wengine hawayajui, na kwa hiyo anajua pia mahali atakapoumizwa. Na yuko mpambe. Neno hili la pili asili yake ni harusini: mpambe ni yule anayempamba bibi harusi na kukaa naye, na siasa zimelichukua kama lilivyo. Mpambe wa mwanasiasa humvisha kilemba cha ukoka, na kilemba hicho hakiumi kichwa mpaka siku ya kuhesabu kura. Tatizo ni kwamba msiri na mpambe hutumia maneno yaleyale. Wote wawili husema: hakuna mwingine kama wewe.

Kwa upande wa Dakta Salim, aliyesema maneno hayo hakuwa mpambe. Alikuwa Mwalimu Julius Nyerere.

Uhusiano wao ulianza mapema mno. Mwaka 1964 Salim alikuwa kijana wa miaka 22 alipopelekwa Cairo kuwa balozi, mmoja wa mabalozi wadogo kabisa kwa umri duniani wakati huo. Kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa vijana wa chama cha Umma, kilichoongozwa na Abdulrahman Babu, ambacho mwaka 1963 kilijitenga na Zanzibar Nationalist Party, chama ambacho Wazanzibari wanakiita Hizbu mpaka leo. Jambo hilo la kujitenga likumbukwe, kwa sababu litarudi. Baada ya Cairo alikwenda India, kisha China, na kuanzia mwaka 1970 hadi 1980 alikuwa mwakilishi wa kudumu wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, New York. Huko aliongoza kamati ya umoja huo ya kuondoa ukoloni, na mwaka 1979 akachaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu.

Katika miaka hiyo yote, kila ngazi Salim alipanda kwa kuteuliwa na Mwalimu au kwa kura za mataifa mengine. Kura za watu wa nyumbani zilikuwa bado hazijaulizwa.

Mwaka 1981 Tanzania ilimsimamisha kugombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukamuunga mkono. Alikuwa na miaka 39. Aliyekuwa akishindana naye ni Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka kipindi cha tatu. China ikampinga Waldheim kwa kura ya turufu mara 16, na Marekani nayo ikampinga Salim duru baada ya duru. Wamarekani walikuwa hawajasahau siku ya tarehe 25 Oktoba 1971, China ya Peking ilipokubaliwa kuingia Umoja wa Mataifa, na Salim akiwa miongoni mwa wajumbe wa Kiafrika walioshangilia waziwazi ndani ya ukumbi. Mwishoni wagombea wote wawili walikaa pembeni, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachukua nafasi hiyo.

Hilo lilikuwa pigo, lakini lilikuwa pigo la heshima. Salim alikataliwa na dola kubwa kwa sababu ya msimamo wa nchi yake, na Afrika nzima ilikuwa nyuma yake. Anayeshindwa hivyo hurudi nyumbani akiwa mkubwa kuliko alivyoondoka. Wale waliokuwa wakimshauri kupanda zaidi hawakuwa na sababu ya kujilaumu.

Mambo yalikuwa tofauti mwaka 1985.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia katika ajali ya gari karibu na Morogoro, na kabla ya mwezi huo kwisha Mwalimu alimteua Salim kushika nafasi yake. Ilikuwa inajulikana kuwa Mwalimu ataondoka madarakani mwaka uliofuata, na haikuwa siri kwamba alimpendelea Waziri Mkuu wake mpya kuwa mrithi. Katika kamati za chama yalizungumzwa majina matatu: Salim, Rais wa Zanzibar Ali Hassan Mwinyi, na mkongwe Rashidi Kawawa. Upinzani dhidi ya Salim ulitoka zaidi kwa wenzake wa Zanzibar. Hawakusema kuwa hana elimu, wala kuwa ni mvivu au mla rushwa. Swali lililozungushwa lilikuwa jingine kabisa. Huyu ni nani? Wazee wake walitoka wapi? Alikuwa upande gani kabla ya Mapinduzi? Mwinyi akapitishwa na chama mwezi Agosti, na tarehe 27 Oktoba 1985 akachaguliwa kuwa Rais wa pili wa Jamhuri ya Muungano.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Mwalimu alikuwa Mwenyekiti wa chama, na katika chama kimoja kisichokuwa na mshindani uwezo wake ulikuwa mkubwa sana. Lau angelazimisha, wangekuwapo watu wachache mno wa kumzuia. Hakulazimisha. Aliwasikiliza waliokataa, akamwacha mtu wake ashindwe, na yeye mwenyewe akamnadi Mwinyi nchi nzima. Wapo waliouona uamuzi huo kama kumtupa mkono Salim. Hukumu hiyo si ya haki. Rafiki anayekuvunjia kanuni za nchi ili upate cheo atakuwa amekupa cheo ambacho kila mtu ana haki ya kukidharau. Lakini lipo lawama jingine ambalo ni gumu zaidi kulikwepa: Mwalimu, ambaye aliijua Zanzibar na machungu yake kuliko viongozi wengi wa bara, bila shaka aliweza kulitabiri swali lile. Mzee wa hadhi yake anapomwambia kijana wake kwamba anamtaka mahali fulani, maneno yake hayako mbali na amri. Kijana hawezi kusema hapana kwa urahisi. Basi mwenye kutaka ndiye anayepaswa kupima kwanza bei, kwa sababu si yeye atakayeilipa.

Bei yenyewe haikuwa kukosa urais. Ilikuwa kwamba jambo ambalo hapo awali lilisemwa chini kwa chini sasa lilikuwa limezungumzwa ndani ya vikao vya juu vya chama, na likawa na matokeo. Kuanzia hapo kila aliyetaka kumzuia Salim alijua ni jiwe gani la kuokota.

Salim akawa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi. Mwaka 1989 viongozi wa Afrika walimchagua kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wakamrudisha mara mbili, hata akakaa Addis Ababa hadi mwaka 2001, muda mrefu kuliko katibu mkuu mwingine yeyote wa umoja huo. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa mwaka 1995 ulimkuta katikati ya kazi hiyo, na hakuchukua fomu. Mwalimu naye alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999.

Kwa hiyo Salim aliporudi nyumbani na hatimaye kuingia katika kinyang'anyiro cha mwaka 2005, aliingia akiwa na wafuasi, akiwa na wasomi na wazee waliomheshimu, lakini bila ya mtu ambaye neno lake lingeweza kunyamazisha ukumbi. Upande wa pili, mshindani wake mkuu alikuwa na rafiki aliye hai.

Urafiki wa Jakaya Mrisho Kikwete na Edward Ngoyai Lowassa ulikuwa wa tangu ujana. Wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, wote walilitumikia jeshi na chama. Mwaka 1995 walikwenda Dodoma pamoja kuchukua fomu za urais, wanasiasa wawili wa kizazi kipya, na magazeti yakawapachika jina la kundi la muziki la Kimarekani la Boyz II Men. Jina la Lowassa lilikatwa mapema, na inafahamika sana kuwa Mwalimu ndiye aliyelipinga. Kikwete alifika mbali. Katika duru ya kwanza aliongoza, na katika duru ya pili Mkapa akamshinda kwa kura 686 dhidi ya 639.

Kilichofuata ni miaka kumi ya kazi ya kimya. Lowassa hakugombea mwaka 2005. Alikaa nyuma ya rafiki yake, akawa nguzo ya kundi ambalo Watanzania walikuja kuliita mtandao: watu waliojipanga mkoa kwa mkoa na wilaya kwa wilaya, wakijua majina ya wajumbe kabla wajumbe wenyewe hawajajua kuwa wanahesabiwa. Ushawishi wa namna hiyo ni tofauti na ule wa Mwalimu. Mwalimu alisema: unafaa. Lowassa aliweza kusema: unafaa, na hizi hapa kura. Mwanasiasa gani anaweza kuyasikia maneno ya pili akarudi kulala?

Wanachama 11 walichukua fomu mwaka huo. Kamati Kuu ikawapunguza, Halmashauri Kuu ya Taifa ikabakisha watatu, na tarehe 4 Mei 2005 Mkutano Mkuu ukapiga kura. Kikwete alipata 1,072, Salim 476, na Profesa Mark Mwandosya 122.

Namba hizo peke yake zingeweza kuelezwa kwa nguvu ya mtandao. Lakini wiki zilizotangulia zilikuwa na jambo jingine. Lile jiwe la mwaka 1985 liliokotwa tena, sasa katika enzi ya magazeti mengi. Salim aliitwa Hizbu, ingawa alijitenga na Hizbu kabla ya Mapinduzi. Aliitwa Mwarabu, kana kwamba hilo ni kosa la jinai. Alihusishwa na mauaji ya Rais Abeid Amani Karume ya tarehe 7 Aprili 1972, wakati ambapo alikuwa New York akiiwakilisha Tanzania, na hakuna mahakama yoyote iliyowahi kumshitaki. Alikanusha yote hayo hadharani. Lakini wapiga kura wa ukumbini hawahitaji kuamini tuhuma ili iwafanye wasite. Inatosha wajiulize kama wapinzani wa chama hawataitumia.

Na hapa ndipo Wadi Kabir inaporudi katika habari hii. Kwa mtu aliyezaliwa Malindi au Wete, akakimbia akiwa mtoto, akazeekea Oman, maneno yaliyotupwa kwa Salim hayakuwa mapya. Ni yaleyale yaliyowafanya wazee wake wapande jahazi. Tofauti ni kwamba Salim alibaki. Aliitumikia Tanzania kwa miaka 40, aliisemea Afrika katika kila ukumbi wa dunia, akawa Waziri Mkuu, na bado siku ilipofika aliulizwa swali lilelile ambalo angeulizwa mtu aliyeshuka jana kutoka Matrah. Wapo waliolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba walifanya vyema kuondoka. Wengine walilisoma kinyume: kwamba mtu mwenye jina la Kiarabu alipata kura 476 za wajumbe kutoka kila pembe ya Tanzania, wengi wao Wakristo na Waislamu wa bara wasiokuwa na udugu wowote naye, na kwamba mwaka 1964 hakuna mtu ambaye angelitabiri jambo hilo. Usomaji huo wa pili una uzito zaidi ya unavyopewa. Pamoja na hayo, hauifuti ile ya kwanza.

Wao wenyewe, kwa kuwa ni raia wa Oman, hawakuwa na kura ya kupiga, kwani Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kura yao iko kwingine. Oman ilianzisha Majlis ya Shura mwaka 1991, na mwaka 1994 wanawake wa eneo la Muscat, Wadi Kabir ikiwemo, walikuwa wa mwanzo nchini kuruhusiwa kugombea. Tangu mwaka 2003 kila raia mwenye miaka 21 ana haki ya kupiga kura isipokuwa walio katika vyombo vya ulinzi, na tangu mwaka 2012 yapo pia mabaraza ya manispaa yanayochaguliwa. Vyama vya siasa haviruhusiwi. Kwa hiyo anayemsukuma mtu agombee Shura ni jamaa, mzee wa kabila, au rafiki wa kazini. Rafiki huyo naye anaweza kumshawishi mjumbe wa manispaa apande hadi Shura, na hapo ngazi inakwisha, maana juu yake kuna walioteuliwa na kuna Sultan. Ni siasa zisizomwaga jasho jingi kama za Dodoma. Lakini hazina pia siku ambapo mtoto wa mhamiaji anaweza kusimama mbele ya wajumbe zaidi ya elfu moja na mia sita na kuwaomba nchi nzima.

Turudi kwa rafiki aliyeshinda. Kikwete alichaguliwa tarehe 14 Desemba 2005 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na kabla ya mwaka kwisha akamteua Lowassa kuwa Waziri Mkuu. Watu wengi walilitarajia hilo. Wengi walitarajia pia kwamba baada ya miaka kumi zamu itageuka, na aliyesukuma atasukumwa. Kama ahadi ya namna hiyo ilitamkwa au ilieleweka tu, wajuao ni wao wawili. Lakini mkopo wa aina hii hauhitaji karatasi. Kenya iliona jambo linalofanana na hilo. Tarehe 14 Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Raila Odinga alitamka maneno mawili, "Kibaki tosha", na kwa maneno hayo akampa Mwai Kibaki urais. Makubaliano yaliyokuwa nyuma ya maneno hayo yalivunjika haraka, na kufika kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2005 wawili hao walikuwa pande mbili zinazopingana.

Kwa Kikwete na Lowassa ilichukua muda mrefu zaidi. Tarehe 7 Februari 2008 Lowassa alijiuzulu Uwaziri Mkuu kutokana na kashfa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Akabaki bungeni, akabaki na watu wake, akasubiri. Mwezi Julai 2015 jina lake halikuwamo katika matano yaliyopitishwa na Kamati Kuu iliyoongozwa na Kikwete mwenyewe. Ndani ya ukumbi wa Halmashauri Kuu wajumbe kadhaa walisimama wakaimba, mbele ya Mwenyekiti, kwamba wana imani na Lowassa. Kabla ya mwezi huo kwisha alihamia CHADEMA, na katika uchaguzi wa Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura, dhidi ya John Magufuli aliyepata zaidi ya 58.

Kati ya ushawishi wa aina hizi mbili, ule wa Mwalimu kwa Salim na ule wa Lowassa kwa Kikwete, wa pili ndio uliozaa rais. Wa kwanza ulizaa maumivu, na haukuacha deni. Mwalimu hakutarajia kulipwa chochote na Salim, na Salim, baada ya kushindwa mara mbili ndani ya chama kilekile, hakukihama wala hakumtaja mtu kwa ubaya. Aliiongoza Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2012 alikubali kuwa mjumbe wa kawaida katika tume ya mabadiliko ya katiba iliyokuwa chini ya Jaji Joseph Warioba, na aliyemteua ni Rais Kikwete.

Lowassa alirudi CCM mwezi Machi 2019. Alifariki dunia tarehe 10 Februari 2024, Dar es Salaam, katika hospitali ya moyo yenye jina la Jakaya Kikwete.

Ama Dakta Salim, hakukaa nyumbani kwa muda mrefu baada ya Chimwaga. Mwaka huohuo wa 2005 Umoja wa Afrika ulimtaka awe mpatanishi mkuu katika mazungumzo ya Darfur, kazi ambayo haikuwa na fomu ya kuchukua wala wajumbe wa kubembeleza. Tarehe 5 Mei 2006, mwaka mmoja na siku moja baada ya kura ya Dodoma, alikuwa Abuja, serikali ya Sudan na kundi moja la waasi walipotia saini mkataba ambao makundi mengine mawili yaliukataa.